UZI MAALUMU: Waigizaji wa igizo la Krismasi Dodoma, tuchambue nafasi zetu moja moja

#1 Mtu wa Pazia

Wakuu, habari za jioni.

Msimu umeisha, majoho yamefuliwa, waliokwenda likizo wameanza kurudi mjini. Kabla mambo hayajapoa, tuweke hapa uchambuzi wa nafasi za igizo la Krismasi: kila nafasi inadai nini, inaharibikia wapi na kwa sababu gani. Masharti mawili. Hatusimulii nani alijikwaa wala nani alimeza mistari, tunaeleza kazi. Na hatutaji kanisa wala kikundi cha mtu.

Naanza na nafasi ambayo watu wanaikimbia: Yusufu. (Wakatoliki mnamwita Yosefu, na Mariamu kwenu ni Maria. Tusigombane kwa hilo, kurasa mbili zitaisha bure.)

Ukisoma Injili zote nne, Yusufu hana hata sentensi moja. Anaota, anaamka, anafanya alichoambiwa. Waandishi wetu wakiona hilo pengo wanalijaza hotuba, jamaa anasimama katikati ya jukwaa anaeleza mashaka yake dakika nne. Au kinyume chake: hapewi neno, naye anasimama pembeni ya hori kama nguzo ya umeme, mikono imeshikana mbele, anasubiri igizo liishe.

Dawa ya yote mawili ni kazi za mikono. Huyu ni seremala. Akifika zizini apitishe kiganja kwenye ukingo wa hori akitafuta kibanzi, akikipata akichomoe. Atandike nyasi, azibonyeze kwa ngumi kupima ulaini, aongeze konzi mbili. Avue joho la juu alitandike. Ahame asimame upande upepo unakotoka. Mambo manne au matano yanatosha, ila kila moja liwe na mwanzo na mwisho, na liishe kabla Mariamu hajafungua mdomo. Mtazamaji akiona mkono unachezacheza hasikii maneno.

Ndoto sasa. Yusufu analala jukwaani karibu dakika mbili huku malaika anaongea. Wengi hulala chali. Viwanja vyetu havina mteremko, watu wako kwenye mabenchi na viti vya plastiki usawa uleule, kwa hiyo ukilala chali wanachoona ni nyayo. Lala ubavu, uso kwa watu, kichwa juu ya mkono, miguu ielekee nyuma ya jukwaa. Na ukiamka usikurupuke kama umemwagiwa maji. Fumbua macho kwanza, mwili ubaki palepale, hesabu mpaka mbili, ndipo uketi.

Mimi naona igizo hili linasimama au kuanguka kwa wale wasio na maneno. Wenye maneno, mazoezi yote ni yao. Hawa wengine hakuna anayewaangalia mpaka siku ya onyesho.

Karibuni.

#2 Kizota Kwetu

Nimekaa paleee. Mleta uzi, Herode usimsahau.

#3 Mwalimu Mstaafu

Herode niachieni mimi.

Vijana wote wanamtaka Herode kwa sababu ana taji, ana askari, na anaruhusiwa kufoka. Someni Mathayo sura ya 2 taratibu. Herode anafadhaika, anawakusanya wakuu wa makuhani na waandishi, kisha anawaita mamajusi faraghani. Mtu anayeita wageni faraghani hapigi kelele. Isitoshe, kwa historia, Warumi walimpa ufalme mwaka 40 kabla ya Kristo, na wakati wa kisa hiki ni mzee wa karibu miaka 70. Sisi tunaletewa kijana wa miaka 24, kifua mbele, anafoka tangu mstari wa kwanza. Akifika kwenye amri ya kuua watoto hana pa kupandia. Sauti imekwisha na watu wameshamzoea.

Igawe nafasi ngazi nne. Mamajusi wanapoingia, Herode ni mwenyeji: anatabasamu, anauliza safari. Akisikia kuna mfalme aliyezaliwa, anaacha kutembea. Basi, hafanyi kingine. Ngazi ya tatu ni faragha: anashuka kwenye kiti, anawasogelea hadi umbali wa mkono mmoja, na hapa ndipo sauti iwe chini kuliko mahali pengine popote. Ya nne ni pale anapogundua wamerudi kwao kwa njia nyingine. Hapo mpeni mlio mmoja. Mmoja tu. Halafu aketi, na amri yenyewe aitoe kama mtu anayeagiza chai. Hiyo ndiyo inayonyamazisha uwanja.

Sasa, sauti ya chini si sauti ndogo. Pumua kwa tumbo, punguza mwendo, kaza konsonanti, na usiiache sentensi ikadondoka mwishoni. Sisi tuna tabia ya kumeza silabi za mwisho. Ukimeza, "wameua" na "wameuawa" yanakuwa neno moja, na hapo umeshageuza kisa.

#4 Mtoto wa Majengo

Mwalimu shikamoo. Ila watu wa uwanjani wanampenda Herode anayefoka, watoto wanashangilia kabisa. Mkiwaletea wa kunong'ona wataondoka kwenda kununua karanga.

#5 Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Wanashangilia dakika ya kwanza. Ya tatu wanaongea wenyewe kwa wenyewe. Nimesema mpeni mlio mmoja, sijasema mumzibe mdomo.

#6 Mtu wa Pazia

Mwalimu kamaliza. Naongeza askari wa Herode, wale wawili wasiosema kitu. Hao ndio wanaomfanya mfalme atishe. Askari akijikuna, au akimtafuta mama yake kwa macho kwenye umati, taji linageuka bati.

Wape sheria moja: macho kwenye mkono wa kulia wa mfalme, wasimwangalie usoni. Mkono ukisogea, wao wanahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Mtazamaji hajui kwa nini ameingiwa na hofu lakini imemwingia. Mikuki iwe mipini ya mafagio na ncha za kadibodi ngumu zilizopakwa rangi ya fedha. Nondo halisi hapana. Ikianguka kwenye mbao inapiga kelele, na mbele kuna watoto wamekaa chini.

#7 Dada Mavazi

Nilikuwa nasubiri mfike kwenye vitu vya kushika.

Tumbo la Mariamu. Mto unateleza, kufikia tukio la pili mimba iko ubavuni. Shona mfuko wa nusu mwezi kwa kanga kuukuu mbili. Chini weka uwele kilo 2, juu jaza matambara. Tia kamba nne za kitambaa: mbili zizunguke kiuno, mbili zipite mabegani na kupishana mgongoni. Uzito ukiwa chini, mwendo unakuja wenyewe, humfundishi mtu kutembea kama mjamzito. Afanye nalo mazoezi angalau mara tatu. Kuketi: mkono utangulie nyuma kutafuta kiti, magoti yaachane, ashuke polepole. Kuinuka: ageuke ubavu kwanza, amshike Yusufu. (Hapo Yusufu kapata kazi nyingine, Mtu wa Pazia.) Kulivua mna kama sekunde 45 nyuma ya pazia, kwa hiyo fungeni fundo la kuvuta. Pini hapana, gizani zinachoma.

Mtoto. Mwanasesere wa plastiki ni mwepesi, na Mariamu anamshika kama mkoba. Mtoto mchanga ana kama kilo 3. Chukua soksi ndefu ya mtu mzima au mfuko mwembamba wa kitambaa, jaza uwele kilo 3, tenga sehemu ya kichwa kwa kufunga uzi, na usikaze sana ili shingo ilegee. Sasa mfunike kanga. Mariamu asipoikinga shingo kwa kiwiko, kichwa kinaanguka nyuma na kila mama aliyeko uwanjani atashtuka. Hutahitaji kumkumbusha tena.

Mtoto halisi msilete. Spika, moshi wa ubani, wadudu wa taa. Hapana.

Ndevu. Pamba na gundi ya mbao ni makosa mawili kwa pamoja: pamba inadaka moto wa mshumaa kwa kasi ya ajabu, na gundi ile inababua ngozi. Tumieni nywele za kusukia, nyeusi zikichanganywa na za kijivu. Zifume kwenye kipande cha neti kilichokatwa kwa umbo la kidevu, mpira upite juu ya masikio na kufichwa na kilemba. Pembeni shikizeni kwa gundi ya kope, ile ya saluni, na ijaribuni mkononi siku moja kabla, wapo inaowawasha. Chini ya mdomo acheni nafasi ya nusu sentimita bila nywele. Msipoacha, Herode atatafuna ndevu zake kila akitamka "b" na "m".

#8 Kizota Kwetu

"Mimba iko ubavuni" 😂😂 Dada Mavazi, mabawa ya malaika je? Waya au mbao?

#9 Dada Mavazi

Fito za mianzi iliyopasuliwa, au waya wa mabati wa milimita 3. Yote kwa pamoja yasizidi kilo 1. Funika kwa neti ya shela, msitumie shuka. Upepo wa Dodoma mnaujua, shuka ni tanga, litamzungusha malaika awape watu mgongo. Mikanda iwe kama ya begi la shule, ivaliwe chini ya joho, na joho litobolewe mianya miwili mgongoni. Upana sentimita 120 unatosha. Kabla ya kukata chochote pimeni mlango atakaotokea. Milango mingi ya ofisi na vyumba vya kubadilishia ni sentimita 80 au 90, ataingia ubavu kama kaa.

Joho lake msitumie nyeupe ya kung'aa. Chini ya taa za ledi inameta kiasi kwamba uso unapotea, hasa wa mtu mweusi. Rangi ya maziwa au ya ukili inakaa vizuri zaidi.

#10 Mchunga Mbuzi wa Chilonwa

Mbukwenyi!

Nafasi ya wachungaji kondeni. (Si mchungaji wa kanisani, msije mkanisalimia Bwana asifiwe.) Hapa ndipo tunapofanya dhambi kubwa. Mwongozaji anataka watu wacheke, basi wachungaji wanageuzwa washamba: wanajikwaa, wanakosea Kiswahili, wanaongea kwa lafudhi ya Kigogo ya kuchekesha. Tena mbele ya watu ambao baba zao wamechunga. Halafu dakika tatu baadaye haohao ndio wa kwanza kupewa habari njema, na uwanja mzima bado unacheka.

Mchungaji anatambulika kwa mwili. Anasimama kwa mguu mmoja, unyayo wa mwingine umeegemea goti, fimbo ndiyo mguu wa tatu. Au fimbo imelala mabegani na viganja vinaning'inia juu yake. Anaongea na mwenzake bila kumtazama, macho yako kwa mifugo. Kila baada ya muda anahesabu kimoyomoyo, kidevu kinasogea kidogo kidogo. Ukiyashika hayo matatu huhitaji mstari wowote.

Malaika akitokea. Watu huanguka magotini wote kwa mpigo kama kwaya imepewa ishara. Fikirieni: mtu wa mifugo akishtuka usiku kitu cha kwanza kinachomjia ni fisi. Hivyo mchungaji wa kwanza anainua fimbo, wa pili anatandaza mikono kuwazuia wanyama wasitawanyike, wa tatu, aliyekuwa amelala, anaamka mwisho na ndiye anayeona kwanza kwamba si fisi. Wanapiga magoti mmoja mmoja, kila mmoja kwa wakati wake. Mchungaji namba tatu hana hata neno moja na tukio lote liko mikononi mwake.

Lugha: wenyewe kwa wenyewe waongee Kigogo, sentensi mbili tatu, kwa heshima, kama watu wanavyoongea kweli. Habari ya malaika ije kwa Kiswahili. Hakuna atakayepotea. Na wakitoka kwenda Bethlehemu, wanawake waingie na ngoma za muheme, zeze likitangulia. Zeze lianze peke yake kama nusu dakika, maana ngoma zikiingia zeze halisikiki tena bila maiki.

#11 Mtoto wa Majengo

Mbukwa. Mbuzi na kondoo halisi tulete au tuchonge?

#12 Mchunga Mbuzi wa Chilonwa

Wapo wa aina mbili tu wanaofaa: kondoo wazima waliotulia, au mbuzi wadogo wawili. Mbuzi mdogo mmoja peke yake atamlilia mama yake igizo zima, wakiwa wawili wananyamaza. Walishwe na kunyweshwa saa tatu kabla, siyo wakati wa kuingia, mnajua kwa nini. Kamba iwe mita moja, anayeishika awe ndiye anayewachunga nyumbani, avishwe shuka aingie kama mchungaji wa nne. Na msiwapitishe mbele ya spika.

Punda hata kwenye Biblia hatajwi katika kisa hiki, ila watu hawakubali Mariamu atembee. Punda wa mizigo tunao wengi, wamezoea barabara. Hawajazoea sakafu ya vigae wala jukwaa la mbao lenye mwangwi. Apite chini, mbele ya jukwaa, kwenye vumbi, na Mariamu atembee pembeni yake akiwa ameshika shingo. Kumpandisha mtu mwenye tumbo la uwele kwenye punda anayesikia kwaya kwa mara ya kwanza, mimi simo.

#13 Fundi Spika Nkuhungu

Ndugu zangu, yote mnayosema hayana maana kama hayasikiki. Na siwaelewi kabisa wanaopokezana maiki moja ya mkononi kama kijiti. Mariamu anamalizia kusema, anampa Gabrieli maiki. Hapo igizo limekufa.

Kwa uwanja wa watu kama 200: spika mbili za inchi 15 kwenye stendi, ziwekwe mbele ya mstari wa waigizaji, mita moja na nusu hivi, zikitazama watu. Zikiwa nyuma ya maiki zitapiga mluzi tu, mtahangaika na mikisa bure. Maiki tatu. Mbili kwenye stendi fupi ukingoni mwa jukwaa, moja imefichwa kwenye nyasi za hori. Umbali kati ya maiki na maiki uwe angalau mara tatu ya umbali kutoka mdomo hadi maiki. Mkizisogeza karibu zaidi, sauti moja inaingia maiki mbili kwa kupishana kidogo na inasikika kama mtu yuko ndani ya pipa. Kwa hiyo waigizaji wakikaa sentimita 60 kutoka maiki, maiki zipishane karibu mita 2. Chini ya kila stendi weka kipande cha godoro, la sivyo nyayo zitasikika kama mvua ya mawe.

Besi ya chini ya hezi 100 ikateni yote. Sauti ya mtu kwa sehemu kubwa haiko huko, upepo ndio uko huko. Kila maiki ivae sponji, na juu yake soksi ya pamba.

Simu inayopiga muziki wa kuingilia iwe kwenye hali ya ndege. Meseji ya salio katikati ya "Usiogope, Mariamu" haina msamaha.

Umeme. Amplifaya wati 600, taa nne za ledi za wati 50 kila moja, jumla 800. Jenereta ndogo ya kilovati 2 inabeba bila kelele nyingi. Ikae mita 20, nyuma ya ukuta, upande upepo unakoelekea ili moshi usirudi. Jazeni mafuta kabla. Kumimina petroli jenereta ikiwa ya moto, jamani, hapana.

#14 Mtu wa Pazia

Fundi, asante. Na umeme ukikatika katikati?

Kwa mwigizaji jibu ni moja: ganda. Usiseme "aah", usitazame juu, usigeuke kumtafuta fundi. Baki kwenye picha uliyokuwa nayo, kwaya ianze wimbo bila maiki, taa zikirudi rudia sentensi yako ya mwisho kisha endelea. Hili lifanyiwe mazoezi: mara mbili katika wiki ya mwisho mtu azime swichi bila kutoa taarifa.

Mvua ni hivyohivyo. Desemba kwetu ndiyo inaanza kukolea, mara nyingi alasiri au jioni, na upepo unaitangulia. Mkiwa ndani, mvua ikipiga bati hakuna maiki itakayowaokoa. Ganda, ngoma zipigwe mpaka ipungue. Nje, pazia la shuka likatwe mianya ya nusu mwezi ya sentimita 20 ili upepo upite, chini lishonewe mkono wa kupitisha bomba, na kila mguu wa fremu uwe na mfuko wa mchanga wa kilo 10.

Saa ya kuanza pia ipangwe kwa jua. Wiki ya Krismasi hapa Dodoma jua linazama karibu saa 12:50 jioni. Mkianza saa 12:15, safari ya kwenda Bethlehemu inapata mwanga wa asili, na malaika wa wachungaji anatokea baada ya saa 1:10 giza limeshashika. Mkianza saa 10 mnawasha nyota juani.

#15 Mama wa Ipagala

Hamjambo wanangu. Mwenye nyumba ya wageni mmemsahau, na ndiye watu wanaomkumbuka mpaka Pasaka.

Luka hamtaji kabisa. Anasema tu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Kwa hiyo mwigizaji yuko huru, na uhuru huo ndio unaomponza. Kwa watu wa Dodoma utani wa "gesti zimejaa, Bunge limeanza" hauchoshi, mwacheni aseme. Ila nafasi nzima isizidi sekunde 90. Utani mmoja, wa pili, halafu afike mahali utani umkwame.

Mpeni chemli. Ndani yake toeni utambi, wekeni taa ndogo ya sola, msiwashe mafuta ya taa karibu na nyasi. Anaongea akiwa ameishusha usawa wa goti, kwa hiyo anawaona wageni nusu nusu. Utani unaendelea. Kisha anainua taa usoni kwa Yusufu, anaipeleka usoni kwa Mariamu, anaishusha polepole mpaka tumboni. Inasimama hapo. Mdomo uko wazi katikati ya sentensi, na sentensi haimaliziki. Anageuka kutazama mlangoni kwake, kisha anaonyesha zizi kwa mkono wenye funguo, na funguo zinasikika.

Uso wake usizidishe huruma. Akilia yeye, watazamaji hawalii.

#16 Mwalimu Mstaafu

Mama, hiyo ya funguo nimeichukua.

#17 Fundi Spika Nkuhungu

Maiki ya hori itazidaka hizo funguo vizuri, asisogee zaidi ya mita 2.

#18 Kizota Kwetu

Mamajusi jamani. Sisi huwa watatu, je tukiwa na watu watano waliobaki?

#19 Mwalimu Mstaafu

Biblia haisemi idadi. Zawadi ndizo tatu: dhahabu, uvumba, manemane. Mkiwa watano, wawili wabebe maji na ramani ya nyota, na muwape mwendo wa watu waliochoka. Mathayo anasema walimkuta mtoto nyumbani, hatuambiwi zizini, kwa hiyo mkiweza tenganisheni na wachungaji kwa wimbo mmoja. Mnapata na nafasi ya kumbadilisha Mariamu nguo.

Kosa la mamajusi ni kubeba sanduku tupu. Mkono unajua ni tupu, na bega linajua. Wekeni matofali nusu ndani ya lile la dhahabu. Vifuniko msifungue, kilichomo kinaaminika zaidi kikiwa hakionekani. Ubani halisi ni mzuri, ila punje mbili tu kwenye chetezo, na mbali na kwaya. Zaidi ya hapo sauti ya kwanza yote itaanza kukohoa.

#20 Mtu wa Pazia

La ratiba nalipitia haraka maana kila kikundi kina yake. Wiki sita, kuanzia wiki ya pili ya Novemba, mara mbili kwa wiki, ya mwisho kila siku. Kidato cha nne wako kwenye mtihani mwezi huo, wapeni nafasi za kuingia baadaye.

Jambo la muhimu kuliko mengine: siku ya kwanza msiulize "Utakuwepo?" Wote watasema ndiyo. Ulizeni "Unasafiri lini?" Nusu ya mji huu ni watumishi wenye kwao, na tangu treni ya SGR ianze 2024 mtu anaamua kuondoka asubuhi anafika Dar mchana. Wa Moshi ndio hawahitaji hata kuulizwa. Mariamu, Herode, Gabrieli na msimulizi kila mmoja awe na mbadala, na mbadala asimame jukwaani mwenyewe angalau mazoezi matatu. Kukaa kwenye benchi na kutazama si mazoezi.

Mnong'onezaji, yule anayemkumbusha mwigizaji mistari aliyoisahau, akae pembeni, tochi yake ivikwe kitambaa chekundu. Anatoa maneno matatu ya kwanza tu. Na kimya cha makusudi kichorewe mistari miwili kwenye nakala yake, asije akamnong'oneza Herode aliyenyamaza kwa sababu ananyamaza.

#21 Mtoto wa Majengo

Swali la mwisho kwangu. Nyota. Yetu huwa imening'inia tu tangu mwanzo.

#22 Dada Mavazi

Kadibodi mbili za sentimita 50 zilizogandishwa pamoja, karatasi ya fedha juu, ukanda wa taa za ledi pembezoni, benki ya chaji imefungwa nyuma. Ining'inizwe kwa pete mbili za pazia kwenye waya uliokazwa. Pete moja itaizungusha.

#23 Mtu wa Pazia

Na iwake pale mamajusi wanapoingia, siyo kabla. Nyota inawatangulia, halafu inasimama, hivyo itembee mara moja tu, mita 4 hivi. Kamba ya kuvutia iwe ya nailoni, ya katani inanasa kwenye waya.

Anayevuta ni mwigizaji kama wengine, msimpe mtoto aliyekosa nafasi. Anafuata miguu ya jusi wa mbele: ikipiga hatua anavuta, goti likigusa chini anaacha. Kwa kawaida amekaa nyuma ya pazia na haoni kitu, anavuta kwa kusikia wimbo, ndiyo maana nyota inafika Bethlehemu kabla ya wageni. Mtobolee tundu la ukubwa wa sarafu. Mpime akiwa ameketi, siyo amesimama, maana mpaka zamu yake ifike atakuwa ameketi zaidi ya dakika hamsini.